KUEZUA SI KUMALIZA: MAJIRANI NA TAKA ZA SUMU ZA UJENZI

Maelezo baada ya habari: Nchi Jirani. Kwa wapiganaji wa majeshi ya ulinzi na usalama.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 nchi jirani ya Rwanda imekuwa ikiendesha vita visivyo na mizinga wala gwaride. Vita hivyo ni vya kuezua mapaa ya asbesto. Shule, hospitali, makanisa, ofisi za serikali na nyumba za watu binafsi zilizoezekwa zamani kwa mabati hayo ya kijivu zimekuwa zikivuliwa mapaa yake, moja baada ya nyingine, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Nyumba ya nchi hiyo. Mapaa yaliyohesabiwa yalifikia zaidi ya mita za mraba milioni 1.5. Mabati yaliyoteremshwa hayakupelekwa sokoni wala jalalani. Yalifungwa na kuzikwa katika maeneo yaliyotengwa kwa kazi hiyo tu.

Mpita njia angeweza kuuliza: nchi yenye shule za kujenga na barabara za kutengeneza ina sababu gani ya kuvua paa zima lisilovuja? Jibu limo ndani ya bati lenyewe. Watu huliita bati, ingawa halina chuma. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za jiwe liitwalo asbesto, kwa kawaida sehemu 10 hadi 15 katika kila sehemu 100. Nyuzi hizo haziungui, hazioti kutu wala haziozi, na ndiyo maana wajenzi wa zama zilizopita walizipenda kuliko kitu kingine chochote. Paa la asbesto lilikuwa fahari ya mwenye nyumba. Lilizuia joto la mchana, na mvua kubwa ilipopiga halikupiga kelele kama bati la chuma.

Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo balaa yake. Bati linapovunjika, linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa au linapochakaa kwa jua na mvua, hutoa vumbi la nyuzi nyembamba mno zisizoonekana kwa macho. Mtu akizivuta hutua mapafuni, na kisichooza juu ya paa hakiozi ndani ya kifua. Mwili hauna uwezo wa kuziyeyusha. Ugonjwa hauji kesho wala mwaka ujao. Huja baada ya miaka 10, 20 au hata 40, wakati aliyevunja bati amekwisha kustaafu na amesahau kwamba aliwahi kulivunja. Mapafu hukakamaa, au huota saratani, au utando unaoyazunguka hupatwa na saratani ya namna yake ambayo haina dawa ya kuiponya. Mvutaji wa sigara aliyevuta na vumbi hilo hujiongezea hatari juu ya hatari. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba aina zote za asbesto huleta saratani, na linakadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya asbesto waliyoivuta kazini.

Rwanda haiko peke yake. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, na Kanuni zake za Usimamizi wa Taka za mwaka huo huo zikaiweka katika orodha ya taka za hatari. Afrika ya Kusini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mchimbaji mkubwa wa jiwe hilo, iliipiga marufuku mwaka 2008. Msumbiji ilifuata mwaka 2010. Kwa hiyo katika muda wa miaka michache majirani kadhaa, wa kaskazini na wa kusini, walifunga mlango mmoja.

Ni vyema kukumbuka mlango huo ulifunguliwa na nani. Jiwe hilo lilichimbwa kusini mwa Afrika kwa mikono ya Waafrika: huko Prieska na Penge katika Afrika ya Kusini, huko Shabanie katika Zimbabwe, na huko Havelock katika Swaziland, ambayo leo inaitwa Eswatini. Mgodi wa Havelock ulifunguliwa mwaka 1939 na kufungwa mwaka 2001. Faida ilipanda meli ikaenda zake. Vumbi likabaki na wachimbaji, wake zao na watoto wao. Wengi wa wafanyakazi hao na jamaa zao, waliougua kwa sababu ya machimbo ya kampuni moja ya Kiingereza, walilazimika kwenda kushtaki katika mahakama za Uingereza. Mwezi Julai mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya huko iliamua kwamba kesi yao isikilizwe hapo hapo. Fidia ilipatikana mwaka 2003, na wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Hiyo ndiyo historia ya bati la kijivu.

Hata hivyo, ndugu wapiganaji, sheria ya kupiga marufuku hufunga mlango wa mbele tu. Haiondoi kilichokwisha kuingia ndani. Siku ya pili baada ya marufuku mapaa yale yale bado yapo, na siku yatakapoteremshwa ndipo hatari itakapokuwa kubwa kuliko siku zote yalipokuwa juu. Bati zima lililotulia juu ya kenchi hutoa vumbi kidogo sana. Bati lililopigwa nyundo, likatupwa chini, likakanyagwa na gari na kufagiliwa kwa ufagio wa chelewa hutoa mawingu. Kwa maneno mengine, anayeezua bila kujua ataupeleka wapi mzigo wake hakuiondoa hatari. Ameiamsha.

Majirani wamejifunza jambo hili kwa gharama. Nchini Rwanda mwenye nyumba aliambiwa awalipe watu waliofunzwa kazi, mzigo uende kuzikwa mahali palipoidhinishwa, kisha anunue paa jipya. Wengi hawakuwa na uwezo huo, na tarehe za mwisho zilizowekwa zilibidi kusogezwa mbele zaidi ya mara moja. Hapo kuna fundisho kwa kila serikali. Penye gharama kubwa na ulinzi mdogo, taka husafiri usiku. Bati la sumu huonekana asubuhi kando ya mto, au limegeuzwa banda la kuku, au limepondwapondwa na kushindiliwa uani ili kuzuia tope la masika, na watoto wanacheza juu yake. Aliyelitupa amejiokolea fedha zake. Aliyelipa ni jirani yake, kwa pumzi zake.

Kazi hiyo ina utaratibu wake, kama vile kufungua silaha kulivyo na utaratibu wake. Asiyeujua asiiguse. Kwanza, mahali pa kazi huzungushiwa uzio na wasiohusika huondolewa. Pili, mabati hulowanishwa kwa maji ili vumbi lisiruke, na huendelea kulowanishwa mpaka kazi imekwisha. Tatu, misumari na skurubu hufunguliwa taratibu. Bati halipigwi nyundo, halikatwi kwa msumeno wa umeme, wala halirushwi chini. Huteremshwa zima, kwa mikono au kwa kamba. Nne, mabati na vipande vyote hufungwa katika plastiki nzito, tabaka mbili, na kuandikwa juu yake kilichomo. Tano, gari hufunikwa, hupita njia iliyojulikana, na hufika mahali palipoidhinishwa. Sita, mzigo huzikwa na kufukiwa kwa udongo, na mahali pake huandikwa katika ramani ili vizazi vijavyo visije vikachimba msingi wa shule juu ya kaburi hilo.

Mfanyakazi naye huvaa kizuia vumbi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Leso iliyofungwa puani haizuii nyuzi hizo hata kidogo. Amalizapo kazi huoga hapo hapo, na nguo zake za kazi haziendi nyumbani. Jambo hili la nguo lisichukuliwe kuwa dogo. Katika nchi zilizochimba na kutumia asbesto wamekufa wanawake ambao hawakukanyaga mgodini wala kiwandani hata siku moja. Kosa lao lilikuwa kufua nguo za waume zao.

Asbesto ndiyo inayosikika zaidi, lakini katika taka za ujenzi ina ndugu zake. Fundi wa rangi hubaki na thina iliyochafuka baada ya kuosha brashi. Akiimwaga katika mtaro, huelea juu ya maji na kufuata mkondo mpaka kisimani au mtoni. Akiimwaga chooni au katika shimo, mvuke wake, ambao ni mzito kuliko hewa, hulala chini ukingojea kiberiti cha kwanza. Dereva yeyote wa jeshi anaufahamu mvuke wa petroli. Huu wa thina ni binamu yake. Fundi wa mbao naye hutumia nguzo zilizonyweshwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki ili mchwa wasizile. Vipande vinavyobaki huonekana kuni nzuri, kavu, zisizo na mwenyewe. Lakini mpishi anayevichoma hulivuta lile lililowaua mchwa, na majivu yake yana aseniki zaidi ya mbao yenyewe. Kwa kipimo hicho, kuni za bure zinaweza kuwa ghali kuliko mkaa.

Iko tena dawa ya mchwa inayomwagwa chini ya misingi. Dawa za zamani za kazi hiyo, kama vile dieldrini, aldrini na klorodani, zilikataliwa na mataifa katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu hudumu ardhini miaka mingi na hukusanyika katika mafuta ya mwili wa binadamu na wa wanyama. Dawa huisha, pipa hubaki. Pipa la plastiki la buluu lenye mfuniko mzuri ni mali katika nyumba isiyo na bomba la maji. Huoshwa kwa sabuni, huanikwa juani, kisha huwekwa kona ya jiko na kujazwa maji ya kunywa. Sabuni haiifuti sumu iliyokwisha kunywewa na plastiki. Pipa la namna hiyo hurudishwa kwa aliyeliuza, au hutobolewa lisiweze kutumika tena na kupelekwa linakostahili.

Ndugu wapiganaji, neno moja la Kiswahili lina maana mbili ambazo askari anapaswa kuzijua zote. Kila mpiganaji anaijua risasi itokayo katika mtutu wa bunduki. Huhesabiwa inapotolewa ghalani na huhesabiwa inaporudishwa, na ikipotea moja kambi nzima hailali. Lakini iko risasi nyingine isiyohesabiwa na mtu, nayo ni ile iliyomo katika rangi za zamani za milango, madirisha na kuta. Madini hayo yalitiwa katika rangi ili ing'ae na ikauke upesi. Rangi inapobanduka au inapoparuzwa kwa msasa, hugeuka vumbi na magamba matamutamu, na mtoto anayetambaa huyatia kinywani. Wataalamu wa afya wanasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachoweza kuitwa salama. Humdhuru mtoto ubongo, humpunguzia uwezo wa kujifunza, na madhara hayo hayarudi nyuma. Ndiyo sababu Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza kwamba rangi isizidishe sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja. Rangi mpya inaweza kupimwa kiwandani. Ile iliyokwisha kupakwa ukutani miaka 40 iliyopita haina wa kuipima isipokuwa anayeiparuza.

Kuhusu risasi hiyo, Kenya imepata somo ambalo linastahili kusikilizwa na kila mwenye mamlaka, ingawa halikutokana na ujenzi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukutani kwa ukuta na nyumba za wananchi tangu mwaka 2007 mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Moshi na maji machafu yake yaliwaingiza wakazi risasi mwilini, watoto kwa wakubwa. Wananchi walikwenda mahakamani. Mwezi Julai mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua amri hiyo. Lakini mwezi Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha.

Lililo kubwa katika hukumu hiyo si fedha pekee. Mzigo wa kulipa haukuwekwa juu ya mwenye kiwanda peke yake. Vyombo vya serikali vilivyopaswa kuona, kuuliza na kuzuia, navyo vilitwishwa sehemu yao. Hapo Kenya imesema jambo ambalo hapo zamani lilisemwa kwa kunong'ona: mlinzi aliyefumba macho ni mshiriki wa aliyeiba. Pale penye sheria, leseni na mkaguzi, hakuna atakayejitetea kwamba sumu ilijiendea yenyewe.

Tena haifai kusahau kisa cha mwaka 1988 katika bandari ndogo ya Koko, nchini Nigeria. Maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yaliteremshwa hapo na kurundikwa katika uwanja wa mwanakijiji mmoja aliyelipwa kodi ya kiasi cha dola 100 kwa mwezi. Yalipitaje forodhani? Hayakupita kwa jina la sumu. Katika hati yaliandikwa kuwa ni kemikali za kazi za ujenzi. Ujenzi, yaani neno lenye heshima kuliko yote katika nchi inayotafuta maendeleo, ndilo lililovalishwa taka kama sare ya kuazima, na mlinzi wa lango akapiga saluti. Nigeria ilipogundua hila hiyo ilimwita nyumbani balozi wake, ikaidai Italia iondoe takataka zake, na ikatunga sheria yenye adhabu ya kifungo cha maisha. Meli iliyobeba mzigo kurudi Ulaya ilizunguka kutoka bandari moja hadi nyingine, kila moja ikiikataa. Waliodhani sumu hiyo inafaa kukaa Afrika hawakuitaka uani kwao.

Mwaka huo huo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitamka kwamba kutupa taka hizo barani ni uhalifu dhidi ya Afrika na watu wake. Mwezi Januari mwaka 1991 ukatiwa saini Mkataba wa Bamako, unaokataza taka za hatari kuingizwa Afrika, nao ulianza kutumika mwaka 1998. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Ni mkataba wa heshima, na kila Mwafrika ana haki ya kujivuna nao.

Lakini heshima haiwi kamili kwa kumkataza mgeni tu. Mkataba huo huo unazitaka nchi za Afrika zipunguze taka zao wenyewe na ziwe na mahali panapofaa pa kuzihifadhi. Bara lililosema kwa sauti moja kwamba halitakuwa jaa la matajiri litasema nini iwapo mkandarasi wake mwenyewe, mwenye kadi ya uraia na lugha moja na majirani zake, anachimba shimo nyuma ya shule na kufukia humo mapipa na mabati? Sumu haina uraia. Kifua cha mtoto hakiulizi kama vumbi limetoka ng'ambo ya bahari au ng'ambo ya barabara. Nyani haoni kundule, walisema wahenga. Na nchi inayoona pipa la mgeni tu na isilione la kwake inasemwa na methali hiyo.

Jambo hili linawahusu wapiganaji kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kwamba wao wenyewe ni wakazi. Baadhi ya kambi na kota za polisi katika Afrika Mashariki ni majengo ya zama za ukoloni na ya miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati asbesto na rangi yenye risasi zilipouzwa kama fahari ya ujenzi. Familia za askari hulala chini ya mapaa hayo. Hakuna haja ya kutia hofu: paa zima lisiloguswa si adui wa leo. Lakini lisipandwe, lisitobolewe kwa kupitisha waya, lisisuguliwe kuvu kwa brashi, na likipasuka taarifa ipelekwe kwa anayehusika kabla vipande havijafagiliwa.

Njia ya pili ni kwamba wao ni wafanyakazi. Ukaguzi ukikaribia, kambi hupakwa rangi. Vijana hupelekwa fatiki, wakapewa msasa, nyundo na fagio, wakaambiwa kuta ziwe safi ifikapo jioni. Kijana wa kuruta hana uwezo wa kukataa amri, wala nidhamu haimruhusu. Basi mzigo wote wa kujua uko juu ya yule anayetoa amri. Kamanda anayewapeleka vijana kuvunja paa la asbesto bila maji, bila vizuia vumbi na bila kujua mzigo utakwenda wapi, amewapeleka katika uwanja wa mabomu ya ardhini bila ramani. Tofauti ni moja tu: mabomu haya hulipuka baada ya miaka 30, wakati yeye mwenyewe hayupo tena kuhesabu waliokufa.

Njia ya tatu ni kwamba wao ni walinzi wa njia na wa mipaka. Chini ya kanuni za Kenya za usimamizi wa taka, msafirishaji wa taka lazima awe na leseni, na mzigo ufuatane na hati inayoonyesha ulikotoka na unakokwenda. Tanzania nayo ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake kuhusu taka hatarishi, zinazotaka kibali kwa anayekusanya, anayesafirisha na anayehifadhi taka hizo. Lakini hati ni karatasi mpaka atokee mtu wa kuiomba. Mtu huyo si profesa wa kemia. Ni koplo aliyesimama kizuizini saa nane za usiku, mbele ya lori lililofunikwa turubai.

Koplo huyo hahitaji maabara. Anahitaji maswali matatu tu: mzigo huu ni nini, umetoka wapi, unakwenda kuzikwa wapi na kwa kibali cha nani? Akijibiwa kwamba ni vifusi vya ujenzi, na akumbuke Koko. Akiona vipande vya kijivu vyenye mikunjo, au mapipa yasiyo na maandishi, au akisikia harufu kali ya thina, asipande juu ya mzigo na asiuchokonoe kwa fimbo. Na alizuie lori, awaweke watu mbali, awaite wataalamu wa mazingira. Askari waliojifunza kuitambua mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019 hawatashindwa kulitambua bati la asbesto. Na yule atakayetolewa noti ili lori lipite, na ajiulize lori hilo linaelekea upande gani wa mji, na watoto wa nani wanacheza huko.

Ni kweli kwamba ulinzi peke yake hautoshi. Serikali inayomkataza mkandarasi kutupa taka ovyo haina budi kumwonyesha mahali pa kuzipeleka, kwa gharama anayoweza kuibeba. Zabuni ya kuezua jengo la umma haina budi kutaja gharama ya kuzika mabati pamoja na gharama ya kuyateremsha, la sivyo atakayeshinda zabuni ni yule aliyekusudia kutupa. Majirani wameonyesha kwamba marufuku bila shimo lililoidhinishwa huzaa mashimo yasiyoidhinishwa. Jambo hilo ni la wapangaji na wahandisi kulitimiza. Lakini mpaka wao watakapolitimiza lote, na hata baada ya hapo, yule anayesimama kati ya paa na kaburi lake ni mtu mwenye sare.

Ndugu wapiganaji, jeshi linajua kwamba operesheni haimaliziki adui anapokimbia. Humalizika silaha zinapokusanywa, mabomu yanapoteguliwa, na mwananchi anapoweza kulima shamba lake bila kuogopa mahali pa kuweka jembe. Ujenzi nao ni hivyo hivyo. Jengo halijakamilika siku ya kukata utepe. Limekamilika siku kila pipa, kila kopo na kila bati lililobaki linapojulikana liko wapi, limefungwa na nani, na limeandikwa katika ramani gani.